Kipeperushi cha Kiwanja: Mnunuzi Huogopa Kabla ya Kutamani



Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, iwe Mbezi au Mbagala, hukosi kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Kwenye viwanja vitupu utakuta kibao kinachoongeza onyo: "Ogopa matapeli." Mgeni wa mji anaweza kucheka na kuuliza ni nani anatangaza kitu asichokiuza. Mwenyeji hacheki. Anajua watu walionunua kiwanja kwa fedha za mafao, wakaja na mafundi na lori la matofali, wakamkuta mwenzao yuko kwenye msingi, naye ana mkataba wa mauziano kama wao.

Mada yetu leo ni vipeperushi vya nyumba na viwanja, hizi karatasi tunazogawiwa stendi na kwenye foleni, na hizi picha zinazomiminika kwenye WhatsApp na Instagram kila asubuhi. Vijana wengi wameingia katika kazi ya udalali. Wengine wana ofisi, wengine ofisi yao ni simu. Wote wana swali moja: nitengeneze vipi kipeperushi kitakacholeta wateja? Ukiwasikiliza wakijibizana, mazungumzo huanza kwenye rangi na kuishia kwenye programu ya kuchorea.

Mimi naomba tuanze na msomaji. Anayesoma kipeperushi cha kiwanja hapa kwetu ni mtu mwenye hofu. Kutamani anatamani, maana kila mtu anataka pa kujisitiri, lakini hofu imetangulia. Kwa hiyo kipeperushi kinachovuta mteja ni kile kinachoijibu hofu yake kwa mambo ambayo anaweza kwenda kuyahakiki mwenyewe. Picha, rangi na herufi zina kazi yake, na tutazifikia, lakini zote zinatumikia jambo hilo moja.

Hebu nikusomee kipeperushi cha aina tuliyoizoea. "VIWANJA! VIWANJA! VIWANJA! Bei chee, usipime! Viko sehemu nzuri sana, dakika chache tu kutoka barabarani. Huduma zote muhimu zinapatikana. Vimebaki vichache, wahi sasa! Bei njoo inbox." Chini yake kuna namba nne za simu, na nyuma kuna picha ya jumba la ghorofa lenye bwawa la kuogelea, iliyochukuliwa mtandaoni.

Sasa jiulize, msikilizaji, umejua nini? Hujui kiwanja kiko wapi. Hujui ukubwa wala bei. Dakika hizo chache ni za mtu anayetembea, za bodaboda, au za gari usiku wa manane barabara ikiwa tupu? Huduma zote muhimu ni zipi? Maneno yote hayo ya kusifu hayana hata moja unaloweza kulishika ukaenda nalo mahali kuuliza kama ni kweli. Ndiyo maana mtu mwenye fedha zake anakikunja na kukitupa. Anayepiga simu ni yule asiye na haraka, na dalali anashinda mchana kutwa akijibu maswali ambayo karatasi ingeyajibu.

Sikiliza na cha pili, ambacho nimekitunga kwa ajili ya mfano tu. "Kinauzwa kiwanja cha makazi, Madale. Mita za mraba 600. Shilingi milioni 42. Kimepimwa, kina hati ya miaka 99 iliyoanza mwaka 2019, kwa jina la muuzaji mwenyewe. Mita 400 kutoka barabara ya lami. Umeme umefika mtaani. Maji ya bomba bado, majirani wanatumia kisima. Kutazama ni Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Hakuna malipo ya kutazama." Halafu jina la dalali, namba moja ya simu, na mahali ilipo ofisi yake.

Hakuna sifa hata moja humo, lakini mtu aliyekuwa akitafuta kiwanja cha aina hiyo atasimama. Na angalia pale palipoandikwa kwamba maji ya bomba bado. Wapo watakaosema hiyo ni kujiharibia biashara. Mimi nasema sentensi hiyo ndiyo inayouza zingine. Mtu aliyekueleza upungufu kabla hujamuuliza, ukimsikia anasema hati ipo, unaelekea kumwamini. Na suala la maji mteja angeligundua tu siku ya kutazama. Heri alijue akiwa nyumbani kwake, aje ameshakubaliana nalo.

Tukae kidogo kwenye hati, kwa sababu hapo ndipo vipeperushi vyetu vinapokosea zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia ardhi hiyo kwa kipindi maalumu, ambacho aghalabu huwa miaka 33, 66 au 99. Sasa kipeperushi kinaandika kwa herufi kubwa, "Kina hati safi," basi. Hati ya miaka mingapi? Ilianza lini? Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inafikia ukomo mwaka 2028. Hati ya miaka 99 iliyotolewa mwaka huohuo bado ina safari ndefu. Zote mbili ni hati, zote zinaweza kuwa safi, lakini mnunuzi hapati kitu kilekile. Ukiandika muda wa hati na mwaka ilipoanza, umetumia maneno matano na umejitenga na madalali wengi wa mji mzima.

Kuna pia hili la kupimwa. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni ardhini na kina namba na kitalu chake kwenye ramani ya upimaji. Kiwanja kilichomo kwenye mchoro wa mipango miji lakini wapima hawajakifikia ni hatua nyingine. Na eneo linalotarajiwa kupimwa ni matarajio. Hatua hizi tatu zinatofautiana kwa bei na kwa usalama, lakini kwenye vipeperushi zote zinafichwa chini ya maneno "viwanja vya mradi." Vivyo hivyo kwa leseni ya makazi, ile inayotolewa katika maeneo yasiyopangwa. Ni nyaraka halali na ina faida zake, lakini muda wake ni mfupi na haifai kuitwa hati. Andika jina la karatasi uliyonayo. Kama ulichonacho ni mkataba wa mauziano peke yake, andika hivyo, na bei yako ilingane na hivyo.

Ukubwa nao. Utasikia, "Ni ishirini kwa ishirini." Ishirini nini? Wengine wanapima kwa mita, wengine kwa hatua za miguu, na hatua za muuzaji mrefu si sawa na za mnunuzi mfupi. Mita ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Kwa mashamba, ekari moja ni kama mita za mraba 4,047 na hekta moja ni mita za mraba 10,000, yaani karibu ekari mbili na nusu. Ukiandika mita za mraba kando ya kipimo chochote ulichozoea, ubishi unaisha hapohapo. Ongeza na matumizi yaliyoidhinishwa: makazi, biashara, au makazi na biashara. Mtu anayetaka kujenga fremu za maduka asisafiri hadi Kibaha au Mapinga kwenda kuonyeshwa kiwanja cha makazi.

Na bei? Hapa madalali wana hoja yao, na tuisikilize. Wanasema ukiandika bei, mteja hapigi simu. Wanasema pia dalali mwenzako akiona bei na mahali, anakuzunguka, anakwenda moja kwa moja kwa mwenye mali. Hoja ya pili ina uzito. Kuzungukwa kupo, na kumewaumiza watu waliohangaika kwa miezi. Lakini dawa yake si kumficha mteja bei. Dawa ni maandishi kati yako na mwenye mali, yanayotaja ujira wako na muda wa kazi yako, kabla hujachapa karatasi hata moja. Kwenye kipeperushi taja eneo na mtaa. Namba kamili ya kiwanja mpe mteja aliyekuja, aende nayo kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi.

Ama hoja ya kwanza, kwamba bei inafukuza wateja, ni kweli. Inawafukuza wasio na uwezo nayo. Hao hata wangepiga simu wasingenunua. Bei iliyoandikwa inachuja. Ikiwa kuna nafasi ya kupatana, sema yapo mazungumzo. Ikiwa mnapokea kwa awamu, taja malipo ya kwanza, idadi ya miezi, na jumla yote mwishoni. Tuseme kiwanja cha mita za mraba 400 kinauzwa shilingi 15,000 kwa mita. Hiyo ni shilingi milioni sita. Kipeperushi kinachoonyesha shilingi 15,000 kwa herufi za inchi mbili na kuficha hiyo milioni sita hakijasema uongo, ila kimemfanya mtu apige hesabu huku akijiuliza kwa nini hukumpigia wewe.

Kwa nyumba za kupanga, hofu ni nyingine. Mpangaji wa Sinza au Tabata hababaishwi na miaka ya hati. Anataka kujua kodi ni kiasi gani kwa mwezi na inalipwa ya miezi mingapi kwa mpigo, mitatu, sita au mwaka. Anataka kujua kama ana LUKU yake au anachangia mita na wapangaji wengine, maana ugomvi wa umeme umevunja ujirani mwingi. Anataka kujua kama nyumba inajitegemea au wapo wengine ndani ya fensi, kama chumba ni masta, kama maji yanatoka kila siku. Na anataka kujua dalali anachukua nini, kwa sababu amezoea kushtukizwa: fedha ya kuonyeshwa, kisha kodi ya mwezi mmoja ya udalali. Yaandike yote. Kipeperushi kinachosema "udalali ni kodi ya mwezi mmoja, hakuna malipo ya kuonyeshwa" kitapendwa kuliko kinachosema "apatimenti ya kisasa yenye hadhi."

Sasa tuje kwenye picha. Kanuni ya kwanza ni kwamba picha iwe ya mali inayouzwa. Kama jengo halijajengwa na unachoonyesha kimechorwa kwa kompyuta, andika chini yake kwamba ni mchoro. Kama nyumba iko kwenye hatua ya lenta, ionyeshe ikiwa kwenye lenta. Wanunuzi wa maboma wapo wengi, na wanachotafuta ni kuona kuta zimenyooka na tofali ni la namna gani. Piga picha asubuhi au alasiri, jua likiwa limeinama, ukisimama kwenye kona ya chumba na simu ikiwa usawa wa kifua ili kuta zisimame wima. Lenzi pana ya simu hukifanya chumba cha mita tatu kionekane ukumbi wa harusi. Mteja akifika anaona amedanganywa hata kama hukukusudia, kwa hiyo andika vipimo vya chumba kando ya picha.

Kwa kiwanja kitupu, picha ya majani haisemi kitu. Majani ya Chanika na ya Bunju yanafanana. Onyesha bikoni, onyesha barabara inayofika pale, onyesha nyumba ya jirani iliyokwisha kukaliwa. Na hapa ndipo ramani ndogo inapoizidi picha. Chora barabara kuu, kituo cha daladala kwa jina linaloitwa na makondakta, sheli, shule, msikiti au kanisa, kisha umbali kwa mita au kilomita. Kwa Kigamboni, sema kama njia yako inapita feri au darajani, kwa sababu mkazi wa ng'ambo anapanga siku yake kwa hilo.

Upangaji wa karatasi yenyewe si mgumu ukikubali kwamba huwezi kusema yote. Juu kabisa weka mambo matatu: ni kitu gani, kiko wapi, bei gani. Chini yake picha moja kubwa, bora kuliko tisa ndogo. Kisha mistari minne au mitano ya ukweli unaohakikika. Mwisho mawasiliano: jina la mtu, namba moja ya simu inayopokelewa, na ofisi ilipo. Namba nne hazimwongezei mteja imani, zinamfanya ajiulize atapokea nani. Aina mbili za herufi zinatosha, rangi mbili au tatu zinatosha. Maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe hayasomeki, na nyekundu juu ya kijani inawapotea kabisa baadhi ya watu ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo. Acha nafasi wazi pembeni, jicho lipumue. Ukiandika kila neno kwa herufi kubwa, hakuna neno lililo kubwa.

Lugha iwe ya mteja. Kama unamuuzia mwalimu wa Mkuranga au mfanyabiashara wa Kariakoo, mwandikie Kiswahili. Sijui kwa nini kijana anayepatana bei kwa Kiswahili kutwa nzima, akikaa kuandika tangazo, anaona Kiingereza cha kuunga ndicho chenye heshima.

Kwa wanaochapa, saizi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210, inatosha na inaingia mkobani bila kukunjwa. Karatasi moja ya A4 inatoa mbili. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, zisije zikatoka na ukungu. Ongeza milimita 3 za rangi kila upande, ili kisu cha mchapaji kisiache mstari mweupe. Rangi za kwenye kioo cha simu na za wino hazilingani, kwa hiyo omba nakala moja ya kutazama kabla ya kuruhusu elfu moja. Ukiweka msimbo wa QR, ujaribu kwanza kwa simu ya bei ndogo, na uelekeze kwenye ramani au kwenye ukurasa wenye habari zaidi.

Lakini tukubali kwamba kipeperushi cha leo kinaishi zaidi ndani ya simu. Humo maandishi madogo hayasomeki, na picha ikipakuliwa na kutumwa upya mara kumi kwenye makundi ya WhatsApp inachakaa. Tengeneza nakala maalumu ya simu, ya wima, yenye maneno machache zaidi. Weka na tarehe. Kipeperushi kisicho na tarehe hakifi. Mali imeuzwa tangu Machi, na Desemba watu bado wanapiga simu kutoka Mwanza na Muscat. Ukishauza, tuma tangazo lilelile likiwa limeandikwa "Imeuzwa." Hilo nalo ni tangazo, linaonyesha kwamba kazi yako inafika mwisho.

Jambo moja la tahadhari. Usiweke picha ya hati ya mtu kwenye kipeperushi. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani wanaongeza uaminifu, kumbe wameitangaza saini, jina na namba za mwenye mali kwa kila mwenye nia mbaya, na hizo ndizo malighafi za kughushi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haikumsahau dalali. Hati ionyeshwe ofisini, kwa mteja aliyefika, na ithibitishwe kwa upekuzi.

Kabla ya kuchapa, fanya jaribio. Mpe kipeperushi mtu asiyejua lolote kuhusu mali hiyo. Mwache akitazame kwa sekunde tano, kichukue, kisha muulize: kinauzwa nini, wapi, kwa shilingi ngapi? Akishindwa kujibu moja, rudi ukakitengeneze. Halafu pitia mstari mmoja mmoja ukijiuliza: hili mteja akitaka kulihakiki, atakwenda wapi? Mstari usio na pa kwenda, ufute.

Nanyi mnaonunua, nina neno. Kipeperushi kiwe kizuri vipi, hakina nguvu ya hati. Kitumieni kama orodha ya mambo ya kuhakiki. Kikisema mita 400 kutoka lami, pimeni. Kikisema kuna hati, chukueni namba mkafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, waulizeni majirani na serikali ya mtaa, na msitoe fedha kabla mwanasheria hajausoma mkataba. Dalali mkweli hatawakasirikia kwa hilo. Atakayekasirika, mwacheni na kiwanja chake.